Leo Kanner: Daktari aliyewatwika akina mama lawama ya usonji, kisha akawatua

WAHENGA walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ni methali yenye hekima, ila kuna wazazi ambao kila wakiisikia huiona kama hukumu. Hao ni wazazi ambao mtoto wao ametimiza miaka mitatu bila kusema, haitikii akiitwa jina lake, hamtazami mtu usoni, na hulia kwa saa nzima endapo kiti kimehamishwa kutoka mahali alipozoea kukiona. Majirani hunong'ona. Jamaa za mume huuliza iwapo mama alimkosea mtu, iwapo alivunja mwiko akiwa mjamzito au iwapo alimtelekeza mtoto kwa yaya.

Siku hizi hali hiyo hujulikana kwa jina la usonji. Daktari aliyeieleza kwa namna iliyokuja kukubalika duniani kote alikuwa Leo Kanner wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani. Maisha yake yana funzo kwa kila mzazi, mwalimu na mganga. Aliyoyaona kwa macho yake yalikuwa sahihi kiasi kwamba hadi leo hayajapingwa. Aliyoyadhania kuhusu chanzo chake, kwa upande mwingine, yaliwaumiza akina mama kwa takriban miaka 20, hadi siku aliposimama mbele yao na kuwatangaza kuwa hawana hatia.

Kutoka Galicia hadi Dakota

Kanner alizaliwa mnamo Juni 13, 1894 katika kijiji cha Klekotow, jimbo la Galicia. Wakati huo jimbo hilo lilikuwa chini ya milki ya Austria na Hungary. Leo kijiji hicho kimo nchini Ukraine. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Alipokuwa angali mvulana alihamia Berlin, Ujerumani, na huko akamaliza masomo ya sekondari mwaka 1913.

Ndoto yake ya kwanza haikuwa udaktari bali ushairi. Alitunga mashairi na kujaribu kuyachapisha, lakini wachapishaji hawakuyataka. Ndipo akajiunga na Chuo Kikuu cha Berlin kusomea utabibu. Masomo yake yalikatizwa na Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ambapo alihudumu katika kikosi cha matibabu cha jeshi la Austria. Alihitimu mwaka 1921, mwaka uo huo aliooa, kisha akaajiriwa katika hospitali ya Charité jijini Berlin alikoshughulikia magonjwa ya moyo.

Ujerumani ya wakati huo ilikuwa imefilisika. Kufikia mwaka 1923 noti zilikuwa zimepoteza thamani hivi kwamba mshahara wa asubuhi haukutosha kununua mkate jioni. Mwaka 1924 Kanner, mkewe na mtoto wao walivuka bahari hadi Marekani, ambako alikuwa amepata kazi katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili mjini Yankton, jimbo la South Dakota.

Hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alijifunza kazini, akiketi na wagonjwa na kuwasikiliza. Kiingereza nacho alikinoa kwa kujaza mafumbo ya maneno yaliyochapishwa magazetini. Alikuwa mtu wa udadisi mpana. Mwaka 1928 alitoa kitabu kizima kuhusu imani na mila za watu wa mataifa mbalimbali juu ya meno. Tabia hiyo ya kukusanya mambo madogo madogo ambayo wengine huyapuuza ndiyo iliyokuja kumpatia sifa.

Mwaka uo huo wa 1928 alialikwa Baltimore, katika hospitali ya Johns Hopkins, chini ya profesa maarufu Adolf Meyer. Miaka miwili baadaye, mnamo 1930, alikabidhiwa jukumu la kuanzisha kliniki ya magonjwa ya akili ya watoto ndani ya hospitali ya watoto. Haikuwapo kliniki nyingine ya aina hiyo nchini humo. Hadi wakati huo, mtoto aliyekuwa na matatizo ya tabia alipelekwa kwa polisi, kwa mahakama au kwa hospitali ya watu wazima wenye wazimu, ikiwa hakufichwa nyumbani.

Mwaka 1935 Kanner alichapisha kitabu cha kiada kuhusu taaluma hiyo mpya. Kilikuwa cha kwanza cha aina yake katika lugha ya Kiingereza, na kilitolewa upya mara tatu, toleo la mwisho likiwa la mwaka 1972. Humo alizungumzia watoto wanaokojoa kitandani, wanaokataa chakula, wenye kigugumizi, wasiotulia darasani na wanaoiba. Wazo lake kuu lilikuwa moja: kabla ya kumpa mtoto jina la ugonjwa, mjue kwanza mtoto mwenyewe.

Mtetezi wa wanyonge

Itakuwa dhuluma kumhukumu Kanner kwa kosa lake bila kutaja ujasiri wake.

Mwaka 1937 aliwafichulia madaktari wenzake kashfa iliyokuwa imefanyika katika jimbo la Maryland. Kwa miaka mingi, wanasheria walikuwa wakitumia amri za mahakama kuwatoa wasichana wenye ulemavu wa akili katika taasisi ya Rosewood. Umma uliambiwa kuwa wanapewa uhuru. Ukweli ni kwamba walikuwa wakigawiwa familia tajiri za Baltimore ili wawe watumishi wa nyumbani bila malipo ya maana. Waliotolewa kwa njia hiyo walikuwa zaidi ya 160. Kanner na msaidizi wake waliwasaka mmoja mmoja kujua yaliyowapata. Waligundua kuwa wengi wao, baada ya kuchokwa na waajiri, walitupwa mitaani. Baadhi walifariki, wengine walifungwa na wengine wakaingia katika ukahaba.

Utawala wa Hitler ulipoanza kuwaandama Wayahudi, Kanner na mkewe waliwasaidia madaktari wengi kutorokea Marekani na kupata kazi. Mmoja wao alikuwa Georg Frankl, aliyetoka katika kliniki ya watoto ya Chuo Kikuu cha Vienna, mahali alipokuwa akifanya kazi daktari mwingine aliyeitwa Hans Asperger.

Mwaka 1942 ulizuka mjadala wa kutisha katika jarida la madaktari wa akili wa Marekani. Daktari mashuhuri wa mishipa ya fahamu jijini New York, Foster Kennedy, alipendekeza kuwa watoto wenye ulemavu mkubwa wa akili wauawe kwa huruma. Ikumbukwe kwamba wakati huo Wanazi walikuwa tayari wakiwaua watoto wa aina hiyo nchini Ujerumani. Kanner alijibu katika jarida lilo hilo. Alisema kuwa jamii inawahitaji hata wale ambao akili zao ni nzito, kwa kuwa wengi wao hufanya kazi za chini ambazo bila hizo miji isingekalika, na kwamba daktari hana mamlaka ya kuamua ni nani anayestahili kuishi.

Mwaka mmoja kabla ya mjadala huo, yaani 1941, alikuwa ametoa kitabu cha kuwatetea akina mama. Aliwahimiza wayaamini maarifa yao ya kawaida na wasibabaishwe na wataalamu wanaowatisha kwamba kila kosa dogo la malezi litamharibu mtoto. Msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana ni mtu yuyo huyo atakayewajeruhi baadaye.

Barua ya kurasa 33

Mnamo 1938, Kanner alipokea barua ndefu kutoka mji mdogo wa Forest, jimbo la Mississippi. Ilikuwa na kurasa 33, na mwandishi wake alikuwa wakili. Alieleza habari za mwanawe aliyeitwa Donald, aliyezaliwa Septemba 1933.

Kabla ya kutimiza miaka miwili na nusu, Donald aliweza kukariri Zaburi ya 23 pamoja na maswali na majibu ya katekisimu ya kanisa. Hata hivyo, hakujali mama yake alipoingia chumbani wala alipotoka. Alifurahia kuzungusha vifuniko vya sufuria sakafuni. Alihesabu kila kitu. Akitaka kubebwa, alisema wewe badala ya mimi, akiyarudisha maneno jinsi alivyoyasikia. Utaratibu wake ukivurugwa hata kidogo, alipandwa na hamaki isiyotulizika. Madaktari walikuwa wameshauri apelekwe mbali na wazazi, naye akakaa kwa takriban mwaka mmoja katika taasisi ambako alizidi kunyamaza. Hatimaye wazazi walimrudisha nyumbani kinyume cha ushauri waliopewa.

Donald alifikishwa Baltimore mnamo Oktoba 1938 akiwa na umri wa miaka mitano. Kanner alikiri kuwa hakuwa ameona mtoto wa namna hiyo. Hakuwa kiziwi. Hakuwa na upungufu wa akili kwa maana ya kawaida. Wala hakulingana na wagonjwa wa skizofrenia, kwani hao hupoteza akili waliyokuwa nayo, ilhali Donald alionekana kuwa hivyo tangu mwanzo.

Watoto 11

Badala ya kuharakisha kutoa uamuzi, Kanner alisubiri. Katika miaka iliyofuata aliletewa watoto wengine waliofanana na Donald, na mwaka 1943 alichapisha ripoti kuhusu watoto 11, wavulana wanane na wasichana watatu. Wengi wao walikuwa wamekwisha kutangazwa kuwa mataahira au viziwi.

Alitaja mambo mawili kuwa kiini cha hali yao. La kwanza ni upweke wa kupindukia: mtoto huishi kana kwamba watu hawapo, huku akielewana vyema na vitu. La pili ni haja kubwa ya kuona mambo yakibaki vilevile siku zote. Kutokana na hayo mawili hufuata mengine: usemi unaorudia maneno kama kasuku, kumbukumbu ya ajabu, michezo ya kurudiarudia, na hofu ya kelele au vitu vinavyosogea. Aliazima istilahi iliyobuniwa awali na daktari Mswisi, Eugen Bleuler, kuelezea wagonjwa wa skizofrenia wanaojitenga na ulimwengu. Kwa Kiswahili tunasema usonji.

Haki inatulazimu kusema kwamba Kanner hakuwa peke yake. Kule Moscow, daktari wa kike kwa jina Grunya Sukhareva alikuwa ameeleza wavulana sita wenye tabia za aina hiyo miaka ya 1925 na 1926. Asperger naye alichapisha ripoti yake jijini Vienna mwaka 1944. Ripoti ya Kanner ndiyo iliyoenea kwa sababu iliandikwa kwa Kiingereza, kutoka hospitali yenye jina kubwa.

Jambo la kutiliwa maanani ni kwamba mwishoni mwa ripoti yake ya 1943, Kanner aliandika kuwa watoto hao walizaliwa na upungufu huo, kama vile wengine huzaliwa na kasoro za viungo. Laiti angekomea hapo.

Jokofu

Katika ripoti iyo hiyo aliongeza maelezo kuhusu wazazi. Wengi walikuwa wasomi: madaktari, mawakili, maprofesa. Alisema ni wachache kati yao walioonyesha uchangamfu. Mwaka 1949 alikwenda mbali zaidi. Aliwachora wazazi hao kama watu baridi, wanaomshughulikia mtoto kwa ratiba kama fundi anavyoshughulikia mashine, na akawafananisha watoto wao na vitu vilivyohifadhiwa ndani ya jokofu lisiloyeyuka barafu. Jarida maarufu la Time liliandika kuhusu watoto walioganda mwaka 1948, kisha likarejelea habari hizo mwaka 1960, mara hii likimnukuu Kanner kwa mzaha mkali zaidi kuhusu wazazi hao. Ndivyo lilivyozaliwa jina la mama jokofu.

Ni vipi mtu makini kama yeye alipotoka? Sababu ya kwanza ilikuwa mbele ya macho yake. Waliofika kwake walikuwa wale walioweza kusafiri hadi Baltimore na kumudu ada ya mtaalamu. Mkulima maskini au mfanyakazi wa kiwandani mwenye mtoto kama Donald hakujua hata kwamba kuna kliniki ya namna hiyo. Hivyo, usomi wa wazazi haukuwa chanzo cha usonji. Ulikuwa ndiyo tiketi ya kuingilia mlangoni kwa Kanner.

Sababu ya pili ni kwamba alikitazama chanzo mahali pa tokeo. Mama aliyejaribu kwa miaka mitano kumkumbatia mtoto anayejikunyata na kumkwepa hawezi kuwa na uso wa mama ambaye mwanawe humkimbilia akicheka. Uchovu wake uliitwa ubaridi. Na baba anapoandika kurasa 33 kuhusu mwanawe, mtu angeweza kuziita kurasa hizo upendo. Kanner aliziona kuwa dalili ya mtu anayependa mno vijambo vidogo vidogo. Ilhali bila kurasa hizo, asingeujua usonji.

Sababu ya tatu ni zama zenyewe. Wafuasi wa Sigmund Freud ndio waliotawala taaluma ya akili nchini Marekani, na kwao karibu kila ugonjwa wa akili ulianzia kwa mzazi.

Madhara yalikuwa makubwa. Akina mama walitakiwa kutibiwa wao ili watoto wapone. Wengi walikubali, wakajichunguza mwaka baada ya mwaka kutafuta chuki ambayo hawakuwa nayo. Jijini Chicago, Bruno Bettelheim aliendesha shule ambako watoto walitenganishwa na wazazi wao, na mwaka 1967 alitoa kitabu kilichowalinganisha wazazi hao na askari wa kambi za mateso za Wanazi. Kitabu hicho kilinunuliwa sana. Kanner mwenyewe hakukiunga mkono, lakini mlango ambao Bettelheim alipitia ulikuwa umefunguliwa na yeye.

Hukumu yafutwa

Aliyeanza kuufunga mlango huo alikuwa mzazi. Bernard Rimland, mtaalamu wa saikolojia katika jeshi la wanamaji la Marekani, alikuwa na mwana mwenye usonji. Alisoma kila kilichokuwa kimeandikwa kuhusu hali hiyo na kugundua kwamba hakukuwa na ushahidi hata mmoja dhidi ya akina mama. Wazazi hao hao walikuwa na watoto wengine wasio na tatizo lolote, na mtoto mwenye usonji alikuwa tofauti tangu alipozaliwa. Mwaka 1964 alichapisha kitabu cha kuthibitisha kuwa usonji hutokana na ubongo. Dibaji iliandikwa na Kanner. Kwa mtu wa hadhi yake, kuweka sahihi katika kitabu kinachobomoa maneno yake halikuwa jambo dogo.

Mwaka uliofuata, Rimland na wazazi wengine waliunda chama cha kitaifa cha watoto wenye usonji. Mnamo Julai 1969 chama hicho kilifanya mkutano jijini Washington na kumwalika Kanner, aliyekuwa na umri wa miaka 75. Mbele ya ukumbi uliojaa wazazi, aliwatangaza rasmi kuwa hawana hatia. Alisisitiza kwamba tangu ripoti yake ya kwanza alikuwa amesema hali hiyo ni ya kuzaliwa nayo, na akalalamika kuwa alinukuliwa visivyo. Malalamiko hayo yalikuwa na ukweli nusu, kwani maandishi yake ya 1949 yapo na yanasomeka. Hata hivyo, wazazi hawakuja kubishana naye. Walisimama wakampigia makofi. Walichokuwa wakikingojea ni neno lile litoke katika kinywa chake.

Kanner alistaafu mwaka 1959 lakini hakuacha kazi. Mwaka 1971 alikuwa mhariri wa kwanza wa jarida la kisayansi kuhusu usonji, na humo akaeleza hatima ya wale watoto 11 baada ya takriban miaka 30. Waliopelekwa katika hospitali kubwa za serikali walikuwa wamefifia. Vipaji vyao vilizimika na wakabaki kukaa tu. Waliobahatika kuishi na watu waliowakubali jinsi walivyo walikuwa wamesonga mbele.

Mfano bora ulikuwa Donald. Wazazi wake walimweka kwa mume na mke wakulima karibu na nyumbani. Wakulima hao hawakuwa na shahada yoyote. Walipoona anapenda kuhesabu, walimwacha ahesabu mistari ya mahindi huku akilima. Alipopenda kupima, walimpa kazi ya kupima kina cha kisima. Kanner alipowatembelea mwaka 1945 alivutiwa mno na hekima yao. Donald alikuja kuhitimu chuo kikuu mwaka 1958, akafanya kazi katika benki mjini kwao, akaendesha gari, akacheza gofu na kutalii nchi nyingi. Alifariki Juni 2023 akiwa na umri wa miaka 89.

Kanner mwenyewe alifariki Aprili 3, 1981 katika jimbo la Maryland, akiwa na umri wa miaka 86.

Sayansi ya leo

Mwaka 1977, watafiti Susan Folstein na Michael Rutter walichapisha utafiti wa jozi 21 za pacha nchini Uingereza. Miongoni mwa jozi 11 za pacha wanaofanana, jozi nne zilikuwa na wote wawili wenye usonji. Miongoni mwa jozi 10 za pacha wasiofanana, hapakuwa na jozi hata moja ya namna hiyo. Kwa kuwa pacha wote hulelewa na mama mmoja, tofauti hiyo ilionyesha kuwa chanzo kikuu kimo katika urithi, si katika malezi. Tangu wakati huo wanasayansi wametambua jeni nyingi zinazohusika, pamoja na mambo ya ujauzito na kuzaliwa, kama vile mtoto kuzaliwa kabla ya wakati, yanayoweza kuongeza uwezekano wa hali hiyo.

Lawama, hata hivyo, haikosi pa kutua. Mwaka 1998 daktari mmoja nchini Uingereza alidai kuwa chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Tafiti kubwa zilizofuata hazikupata uhusiano wowote, na mwaka 2010 jarida la Lancet liliifuta ripoti yake. Wazazi walioihofia chanjo waliwaacha watoto wao wakikabiliwa na surua, ugonjwa unaoua.

Tangu mwaka 2013, mwongozo unaotumiwa na madaktari wa akili wa Marekani umeziweka hali zote za aina hii chini ya jina moja, ukitambua kuwa usonji una viwango vingi. Yupo asiyesema kabisa na yupo profesa. Mtoto mwenye usonji pia anaweza kuwa na kifafa, au tatizo la kutotulia na kushindwa kumakinika. Hilo la mwisho ni hali inayojitegemea, na mwenye nalo si lazima awe na usonji.

Hakuna dawa inayoponya usonji. Zipo dawa za kupunguza baadhi ya matatizo yanayoandamana nao, kama vile kifafa, kukosa usingizi au hamaki kali, nazo hutolewa na daktari pekee. Kinachosaidia zaidi ni mafunzo yanayoanza mapema: kumfundisha mtoto kuwasiliana kwa maneno, kwa picha au kwa ishara, kumpa ratiba inayotabirika, kugawanya kila kazi katika hatua ndogo na kumpongeza kwa kila hatua, na kuwafunza wazazi mbinu hizo ili wazitumie nyumbani kila siku. Mzazi aliyewahi kuonwa kama sumu sasa ndiye nguzo ya tiba.

Huku kwetu

Kwa muda mrefu baadhi ya wataalamu walidhani kuwa usonji ni hali ya Wazungu. Miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizuru miji tisa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, na katika ripoti yake ya 1978 akathibitisha kuwa watoto wenye usonji wamo humu barani. Jijini Nairobi, kitengo cha watoto wenye usonji kilifunguliwa katika Shule ya Msingi ya City mwaka 2003, kwa juhudi za wazazi.

Katika Pwani ya Kenya, watafiti waliowahoji wazazi, walimu na waganga walikuta kuwa usonji huhusishwa na pepo wabaya, uchawi na laana inayotokana na makosa ya wazazi. Mtafiti aliyesoma maandishi ya Kanner hawezi kuwacheka. Kule Marekani laana hiyo iliitwa ubaridi wa mama na ikatamkwa na maprofesa. Huku inaitwa laana na kutamkwa na shangazi. Aliyebebeshwa mzigo ni yule yule.

Aidha, kuna mambo ambayo Kanner hakuyakuta Baltimore. Tafiti zilizofanywa Kilifi zimeonyesha kuwa malaria kali inayoingia kichwani inaweza kumwachia mtoto matatizo ya usemi, akili na tabia hata baada ya kupona homa. Kwa hivyo, chandarua na kukimbilia hospitali mapema ni sehemu ya kulinda ubongo wa mtoto. Mtoto mwenye degedege anahitaji daktari upesi, hata kama familia ina lake la kufanya nyumbani.

Mzazi afanye nini? Iwapo mtoto hajaanza kuonyesha vitu kwa kidole au kuitikia jina lake afikapo mwaka mmoja na nusu, iwapo hasemi afikapo miaka miwili, au iwapo amepoteza maneno aliyokuwa nayo, asingoje akue. Apimwe masikio kwanza, kwani uziwi hufanana na usonji. Kisha apelekwe kwa daktari wa watoto na katika kituo cha elimu cha kuwapima watoto wenye mahitaji maalumu. Vituo hivyo vimekuwapo nchini tangu mwaka 1984. Samaki mkunje angali mbichi.

Nao jamaa, majirani na walimu wana wajibu wao. Barua ya wakili wa Mississippi ilikuwa na thamani kwa sababu ilieleza mtoto anafanya nini, lini na mara ngapi. Maneno ya 1949 yalidhuru kwa sababu yalitaja wa kulaumiwa kabla ya ushahidi kupatikana. Anayetaka kumsaidia mama mwenye mtoto wa namna hii na amshikie mtoto kwa saa moja ili apumzike, amsindikize kliniki, au amwandikie mwalimu yale aliyoyaona. Swali la nani aliyemkosea nani halijamfundisha mtoto yeyote kusema.